Anti, mchungaji anataka nisaini muhtasari wa kikao ambacho hatukukaa

Anti shikamoo. Bwana asifiwe kama we ni mtu wa kanisani, na kama sio nisikilize tu hivyohivyo. Naomba usiweke jina langu wala la kanisa letu manake huku tunajuana wote na mama mkwe wangu ndo mwenyekiti wa wanawake kanisani kwa hiyo likitoka tu hili mimi nyumbani sina pa kukaa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina duka la vifaa vya ujenzi huku Kibaha, mume wangu ni dereva wa magari ya mizigo. Tunasali kanisa la kiroho, sio haya makubwa yenye maaskofu, ni kanisa limeanzishwa na mchungaji mwenyewe zaidi ya miaka kumi iliyopita, alianzia chini ya mwembe na familia kama nne hivi na mimi nilikuwepo. Saa hizi Jumapili tunajaa mpaka watu wanakaa nje kwenye turubai. Mchungaji ni mtu wa Mungu kweli Anti sitaki useme namsema vibaya, mtoto wangu wa pili alipougua yeye ndo alitupeleka Muhimbili usiku kwa gari yake na alikaa na sisi mpaka asubuhi.

Sasa miaka mitatu iliyopita aliniita akaniambia Mungu amemuonyesha mimi niwe mdhamini wa kanisa, yaani mmoja wa wanaoshika mali za kanisa kwa niaba ya waumini. Nilifurahi sana nikajua ni heshima. Nikapiga picha pasipoti nikatoa na kitambulisho cha NIDA nikasaini fomu, cheti cha RITA (wale wa serikali wanaosajili wadhamini) kikaja kikatundikwa ofisini basi. Wadhamini tuko watano. Mchungaji ndo mwenyekiti, mama mchungaji mtunza hazina, shemeji yake mchungaji (mdogo wake mama) ndo katibu, halafu kuna mzee mmoja tulianza nae chini ya mwembe ila aliugua akarudi kwao Singida ni kama miaka miwili sasa, halafu mimi. Tangu nimesaini zile fomu tumekaa kikao kimoja tu na kilikuwa cha kupanga mkutano wa injili.

Kiwanja cha kanisa tulichanga wenyewe, watu walitoa mpaka mabati ya nyumbani, wamama tukauza vitenge. Nikaja kujua mwaka jana kwamba hati ina jina la mchungaji. Nilipouliza akasema wakati ule kanisa lilikuwa halijasajiliwa ndo mana, na kweli lilikuwa halijasajiliwa. Sadaka za kwenye simu zinaingia namba yake. Halafu kuna wazungu wa kanisa rafiki walituma hela za kujenga kituo cha kulelea watoto mchana, msingi umejengwa (saruji na nondo walichukua dukani kwangu) halafu ikasimama, tukaambiwa hela nyingine imekopwa kidogo kununulia spika na itarudi.

Wiki iliyopita katibu kaniletea dukani karatasi, ni muhtasari wa kikao cha bodi ya wadhamini, umeandikwa wajumbe wote walihudhuria na wote kwa kauli moja wameridhia kanisa likope benki milioni 45, kiwanja kiwekwe dhamana, zimalizie ukumbi na kununua Noah ya huduma. Anti hicho kikao mimi sikukaa! Na mzee wa Singida atakuwaje amehudhuria? Nikamwambia katibu nitasoma kwanza, akanuna. Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa ya Kora na Dathani walivyomezwa na ardhi kwa kumpinga Musa na kila dakika mchungaji anaangalia upande wetu. Jumatatu nikakuta nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp la viongozi.

Mume wangu anasema saini yaishe, hela si zako na Mungu ndo atawahukumu. Mama mkwe anasema usimguse mpakwa mafuta. Rafiki yangu mmoja anasali Katoliki yeye anasema jitoe tu kimyakimya uhamie kanisa lingine. Karatasi wanaitaka Ijumaa. Je nikikataa nitakuwa nimetenda dhambi? Na nikisaini kwani kuna ubaya gani wa kisheria kama wote tumesaini? Nisaidie Anti, silali.

Ni mimi mdhamini, Kibaha

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, pole. Na hongera kwa kumwambia katibu utasoma kwanza, manake watu wengi wakiletewa karatasi dukani wateja wamejaa wanasaini huku wanapima misumari.

Nianze na la Ijumaa kwa sababu lina haraka. Usisaini. Kukataa huko hakuna uhusiano na mchungaji kuwa mwizi, wala mimi sijui kama ni mwizi na wewe hujui, na kwa barua yako anaonekana mtu mwenye moyo tu. Usisaini kwa sababu ile karatasi inasema uongo, inasema ulikuwepo mahali ambapo hukuwepo, na huo uongo unapelekwa benki ili benki itoe hela. Unauliza ubaya wa kisheria kama wote mmesaini, mwanangu wakisaini watano huo uongo haugawanyiki kwa tano, kila mmoja anabeba mzima. Kuandaa na kupeleka waraka wa uongo ili upewe mkopo ni jambo linaloweza kufika polisi, na siku likifika hakuna atakayekuuliza kama mchungaji alikupeleka Muhimbili.

Sasa soma ile karatasi tena kwa jicho la mwenye duka. Mkopaji ni kanisa. Dhamana ni kiwanja ambacho kwa hati ni mali ya mchungaji binafsi. Maana yake waumini watalipa deni kila mwezi kwa sadaka zao, na wakimaliza kulipa kiwanja bado kinasomeka cha mchungaji, na wakishindwa kulipa kiwanja kinauzwa. Ukipindua hiyo biashara upande wowote kanisa halipati kitu kilichoandikwa jina lake isipokuwa deni, na hiyo Noah nayo uliza kadi itaandikwa jina la nani.

Hilo la hati ndo kubwa kuliko mkopo na ningekuwa mimi ningelianza hilo kabla ya yote. Na hapa nimtetee mchungaji wako kidogo. Aliyosema ni kweli, kanisa lisilosajiliwa haliwezi kumiliki kitu, kwa hiyo wachungaji wengi sana nchi hii walinunua viwanja kwa majina yao kwa nia njema kabisa. Shida ni kwamba sababu hiyo iliisha siku cheti cha RITA kilipotundikwa ukutani. Kazi ya kile cheti ndo hiyohiyo, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, nyie watano mkishasajiliwa mnakuwa kitu kimoja kisheria, kina muhuri wake, kinaweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa, na hakifi hata nyie mkifa. Mchungaji anakufa. Tusimuombee mabaya ila siku akifa kile kiwanja kinaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba yake na gari yake, na watoto wake na ndugu zake wa kijijini ambao hawajawahi kukanyaga kanisani kwenu watakaa kugawana mabati mliyotoa majumbani kwenu. Kuna makanisa yamegombana mahakamani na wajane wa wachungaji wao kwa staili hiyo na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa mwizi, kulikuwa na msiba tu.

Kuhamisha hati kuja kwa wadhamini kuna gharama, kuna uthamini, kuna kodi na ushuru wa stempu, haiwi kwa siku moja. Lakini mwanasheria anaweza kuwaandalia haraka tu waraka ambao mchungaji anakiri kwa maandishi mbele ya kamishna wa viapo kwamba kile kiwanja anakishikilia kwa niaba ya kanisa, na mkewe nae asaini. Mtu mwenye nia njema hilo halimpi shida. Akikataa hilo nae amekujibu swali ambalo hukuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Haya twende kwenye dhambi maana ndo inakunyima usingizi.

Alihubiri Kora, sawa, Hesabu 16. Rudi nyumbani uisome yote usiishie alipoishia yeye. Kora na wenzake hawakuuliza hesabu, walitaka ukuhani, walikuwa wanagombea cheo. Na Musa aliposhambuliwa angalia mstari wa 15 alimwambia nini Mungu, alisema sikuchukua hata punda mmoja kwao! Yaani kiongozi alipopingwa alichojitetea nacho mbele za Mungu ni hesabu ya mali. Samweli nae alipokuwa anazeeka, 1 Samweli 12, aliwasimamisha watu wote akawauliza nimechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani, semeni nirudishe. Hakuna aliyemwita Samweli, alijiita mwenyewe. Na huyo Daudi ambaye kila mtu anamtumia kusema usimguse mpakwa mafuta, ni kweli alikataa kumuua Sauli, lakini alitoka nje ya lile pango akampigia kelele mbele ya jeshi lake lote kumwambia unanionea. Kutomgusa maana yake hakumchoma mkuki mwanangu. Hakusaini muhtasari wa Sauli.

Ila mimi ninayoipenda ni 2 Wafalme 12, na hii kama utapata nafasi ya kuongea na mchungaji mmekaa vizuri ndo umpe. Hela za kukarabati hekalu zilikuwa zinapita kwa makuhani, mfalme Yoashi akaja kushtuka ni mwaka wa 23 wa utawala wake nyumba bado ina nyufa zilezile. Hakumfunga mtu wala kumtangaza mtu mwizi. Kuhani Yehoyada akachukua sanduku akatoboa tundu kwenye kifuniko akaliweka karibu na madhabahu, hela ikawa inaingia humo, likijaa wanakuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wanahesabu pamoja. Yaani aliyebadilishwa ni utaratibu na kazi ikaanza kwenda. Nakutahadharisha tu kwamba mwishoni pale mstari wa 15 unasema wale wasimamizi waliokabidhiwa hela za kulipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu, na mtu wenu mjanja atakurukia na huo mstari. Mwambie ndio, na hela waliyopewa ilikuwa imeshahesabiwa na watu wawili kabla ya kufika kwao.

Kwa hiyo hapana, hujatenda dhambi.

Sasa nataka uangalie bodi yenu kwa macho makavu. Kule Marekani kuna umoja wa makanisa na mashirika ya kiinjili unaitwa ECFA, upo tangu 1979, wao ukitaka uanachama lazima bodi yako iwe na watu wasiopungua 5, zaidi ya nusu yao wawe huru, yaani sio ndugu na sio watu wanaokula kwenye hilo shirika, na wakae angalau mara 2 kwa mwaka. Sio sheria yetu hiyo, ni kipimo tu, ila jipimeni. Mchungaji, mkewe, shemeji yake, hao ni nyumba moja, na wakikubaliana jikoni kwao usiku kura zimeshatosha hata kabla hamjafungua kikao kwa sala. Anabaki mzee wa Singida na wewe.

Na wewe mwanangu nisamehe, umeandika kwenye mabano kama kwa kupita tu kwamba saruji na nondo za kituo zilitoka dukani kwako. Nani alipanga ile bei? Kuna duka lingine liliulizwa? Wewe uliinuka ukasema jamani hili duka ni langu kwa hiyo mimi sichangii kwenye kuamua tununue wapi? Nakubali hukuwaibia, labda uliwapunguzia mpaka ukala hasara, ila siku ukifungua mdomo kuhusu spika katibu atakuja na jambo lako la nondo na hutakuwa na pa kushika. Kwa hiyo kwa hesabu yangu mtu pekee aliye huru kwenye bodi yenu ni mgonjwa aliyeko Singida.

Mpigie simu huyo mzee. Leo. Bado ni mdhamini halali mpaka atolewe kwa utaratibu, na muhtasari unasema alihudhuria. Mjulie hali kwanza, mpe salamu za wanakanisa, halafu muulize taratibu, baba, wewe ulikaa kikao cha kukopa milioni 45? Usimpandishe presha ni mgonjwa. Lakini mkiwa wawili mnasema jambo moja ni tofauti kabisa na wewe mwanamke mmoja "mwenye roho ya upinzani", na mzee aliyekuwepo chini ya mwembe mchungaji hawezi kumhubiria Kora.

Halafu katibu umjibu kwa meseji, sio kwa mdomo, ili ibaki. Andika kitu kama hiki: "Bwana asifiwe ndugu katibu. Muhtasari nimeusoma. Kwa kuwa kikao hicho sikuhudhuria sitaweza kuusaini. Naomba kiitishwe kikao cha wadhamini wote kama katiba inavyosema tujadili suala la mkopo, mimi nipo tayari siku yoyote hata mzee wa Singida tumuunganishe kwa simu. Mbarikiwe." Basi. Usiongeze spika, usiongeze hati, usiongeze grupu la WhatsApp. Mtu akikupigia kukufokea mwambie tutaongea kwenye kikao.

Kabla ya hicho kikao tafuta katiba ya kanisa. Ipo, hakuna kanisa linalosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya pale Mambo ya Ndani bila katiba, sema huwa inakopiwa kwa kanisa lingine inabadilishwa jina halafu inafungiwa kabatini. Iombe. Soma akidi ya kikao, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali, ni wangapi, nani anaitisha, mkopo na kuuza mali vinaamuliwa na nani, manake katiba nyingi jambo la ukubwa huo haliishii kwa wadhamini linaenda mkutano mkuu wa waumini. Na ukipata siku shuka RITA uombe kufanya upekuzi wa faili la bodi yenu, uone ni kina nani hasa wameandikwa na kama taarifa zenu za kila mwaka zimewahi kupelekwa, maana pale unaweza ukashangaa.

Nirudi kwa mchungaji maana naona kila mtu atamsoma kama jambazi. Mwanangu, kuna mtu hata mmoja kanisani kwenu amewahi kukaa na huyu baba akamwambia mshahara wako kwa mwezi ni huu? Nina uhakika hapana. Mmemuacha miaka yote aishi kwa kudra, ada za watoto kwa kudra, mafuta ya kukupeleka Muhimbili usiku yalitoka mfukoni kwake na hakuna aliyemrudishia. Alinunua viti vya kwanza kwa hela yake ndo nakuhakikishia. Sasa mtu wa hivyo hela ya kanisa na ya kwake zinachanganyika mpaka mwenyewe hajui, na sadaka ikiingia kwenye simu yake Jumapili na mtoto karudishwa ada Jumatatu wewe unategemea nini, anaikopa, na anaikopa tena, na kila akikopa anaamini atarudisha. Bodi inayoogopa kumpangia mchungaji posho kwa kuona aibu ndo inayomfundisha kujihudumia. Kwa hiyo kwenye hicho kikao ajenda yako ya kwanza iwe maslahi ya mchungaji. Sitanii. Apangiwe kiasi kinachoeleweka, kiandikwe, kiwe na NSSF yake kama mtu mwingine yeyote, safari za huduma zirudishiwe kwa risiti. Ukishamlinda yeye ndo utasikilizwa ukisema sadaka zihame kwenye simu yake ziende lipa namba yenye jina la kanisa na akaunti yenye watia saini wasiokuwa ndugu.

Mama mchungaji nae msimtoe kwenye hazina kwa kumtuhumu. Mwambieni ukweli kwamba siku ikipungua laki moja yeye ndo atanyooshewa kidole sokoni, mwacheni apumzike, hazina ishikwe na mtu mwingine, na sadaka ihesabiwe na watu wawili watatu wanaobadilishana kila wiki, wajaze kikaratasi wasaini kabla hela haijatoka madhabahuni, Jumatatu iende benki nzima nzima. Hayo yote hayahitaji mzungu wala semina.

La wazungu ni fupi. Hela iliyotolewa kwa ajili ya kituo cha watoto ni ya kituo cha watoto, spika sio watoto. Ikishabadilishwa matumizi mnatakiwa mumwandikie aliyetoa mumwambie kabla, sio baada, na kama imeshafanyika mwambieni sasa hivi na tarehe ya kurudisha. Paulo alipopeleka changizo Yerusalemu alihakikisha anaongozana na watu waliochaguliwa na makanisa ili mtu asije akamlaumu, 2 Wakorintho 8, na yule ni Paulo. Na kituo chenyewe kikikamilika kinatakiwa kusajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, huwezi kufungua tu mlango ukaanza kupokea watoto.

Mume wako anasema hela si zako Mungu atahukumu. Mwambie kwa upole kuna kanisa kubwa sana Singapore linaitwa City Harvest. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani watu 6 wa kanisa hilo kwa kuchezea kama dola milioni 50 za kule, hela ya mfuko wa jengo ilizungushwa kwenye kampuni mpaka sehemu yake ikaishia kugharamia muziki wa mke wa mchungaji, wao wakiamini kabisa ni njia ya kupeleka injili. Jaji alisema hakuna ushahidi kwamba walijitajirisha wao binafsi. Na jela walienda wote sita, mchungaji Kong Hee na msaidizi wake na watu wa fedha waliokuwa wanaandaa makaratasi. Hao wa makaratasi nadhani na wao walikuwa na waume na wake nyumbani waliosema saini yaishe.

Rafiki yako wa Katoliki anasema jitoe kimyakimya. Kujitoa sio vibaya, ikifika mahali kikao kimekataliwa na karatasi imepelekwa benki bila wewe, jitoe. Ila kimyakimya hapana. Ukihama kanisa jina lako halihami, litabaki RITA miaka na miaka na siku benki ikija kutafuta wadhamini watakuja Kibaha dukani kwako. Unajitoa kwa barua, yenye tarehe, nakala kwa katibu, nakala RITA, yako igongwe muhuri wa kupokelewa uiweke na vyeti vya watoto. Na kama una ushahidi muhtasari umepelekwa benki na jina lako limesainiwa na mtu mwingine, hiyo sio ya kujitoa tena, hiyo unaenda kwa mwanasheria siku hiyohiyo na benki unaiandikia.

Mama mkwe mwache kwanza. Asisikie kwako habari za hati kabla ya kikao, atapeleka kwa wanawake wote na mchungaji ataona umemuanika, hapo hata kama angetaka kurekebisha atakaza shingo. Ukishafanya kikao na mambo yakaandikwa atasikia kwa mwanae.

Na kabla hujaenda kwenye hicho kikao toa risiti zote za saruji na nondo za kile kituo, tafuta na bei za duka lingine za kipindi kile, ziweke mezani wewe wa kwanza kabla hujauliza chochote, useme kuanzia leo duka langu likitajwa mimi natoka nje mnaamua bila mimi. Halafu ukae kimya uone nani anafuata. Niandikie mzee wa Singida alisemaje.

Anti